Mishipa iliyovimba miguuni: chanzo chake kiko juu ya pale unapoiona

Anayeona mshipa umetuna na kujipinda kwenye shavu la mguu wake kwa kawaida huuliza jambo moja: nitautoaje? Ana haki ya kuuliza, ila kuna swali linalopaswa kutangulia: damu inavuja kutoka wapi? Mshipa unaoonekana ni mahali ambapo shida imejitokeza. Shida yenyewe mara nyingi iko juu zaidi, nyuma ya goti au hata kwenye kinena, ndani ya mshipa mwingine ambao jicho haliufikii. Kushughulikia kinachoonekana peke yake ni sawa na kudeki sakafu huku bomba limeachwa wazi. Wapo waliochomwa sindano au kukatwa mishipa hiyo, wakapata nafuu, kisha mingine ikachomoza karibu na palepale kwa sababu hakuna aliyetafuta inakotokea.

Damu inavyopanda kutoka mguuni

Moyo huisukuma damu kwenda miguuni kwa nguvu kupitia ateri, mishipa yenye kuta nene za misuli. Kurudi ndiko kwenye kazi. Damu ikishapita kwenye mishipa midogo kabisa ya mguuni, msukumo wa moyo umebaki kidogo sana, na bado inatakiwa kupanda kutoka kwenye nyayo hadi kifuani. Inapanda kupitia vena, mishipa yenye kuta nyembamba zinazotanuka kwa urahisi.

Kinachoipandisha ni misuli ya shavu la mguu. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo hukaza na kuzikamua vena zilizo katikati yake, damu ikasukumwa juu. Misuli ikilegea, damu ingeteremka tena, lakini ndani ya vena kuna vali, yaani jozi za utando mwembamba zinazofunguka kuelekea moyoni tu na kujifunga damu inapotaka kugeuka. Tabibu wa Italia Hieronymus Fabricius alizieleza vali hizi mwaka 1603, akidhani kazi yake ni kupunguza kasi ya damu inayoshuka. Mwanafunzi wake, Mwingereza William Harvey, ndiye aliyeonyesha mwaka 1628 kwamba ndani ya vena damu inaelekea upande mmoja tu, na vali ndizo zinazoizuia kurudi nyuma.

Mtu mzima akisimama bila kutikisika, shinikizo ndani ya vena za kifundo cha mguu hufika karibu milimita 80 hadi 100 za zebaki, kwa sababu ya uzito wa damu yote iliyo juu yake. Akitembea, kama vali zake ni nzima, shinikizo hilo hushuka hadi chini ya 30 ndani ya hatua chache. Kwa mwenye vali zinazovuja, linashuka kidogo tu, kisha misuli ikipumzika linapanda upesi. Shika jambo hili, kwa kuwa karibu kila kitu kinachofuata katika ugonjwa huu, tangu uzito wa miguu jioni mpaka kidonda kisichopona, kinatokana na shinikizo lililokataa kushuka.

Mguu una mitandao miwili ya vena. Ile ya ndani imepita kati ya misuli na hubeba karibu asilimia 90 ya damu inayorudi. Ile ya juujuu imelala chini ya ngozi, na inamwaga damu yake katika ile ya ndani. Vena kuu ya juujuu inaitwa safena kubwa, nayo ndiyo vena ndefu kuliko zote mwilini: huanzia mbele ya kifundo cha mguu upande wa ndani, hupanda kando ya goti na paja, ikaungana na vena ya ndani kwenye kinena. Safena ndogo hupita nyuma ya shavu la mguu na kwa kawaida huishia nyuma ya goti. Makutano hayo mawili ndiyo maeneo ya kwanza ambayo daktari huyashuku.

Vali ya hapo ikishindwa kufunga, au ukuta wa vena ukitanuka hadi kingo za vali zisifikiane, damu huporomoka kurudi chini. Vali inayofuata inabebeshwa mzigo usio wake, nayo inalegea, na ya chini yake vilevile. Safena yenyewe imefunikwa na tabaka ngumu linaloibana, kwa hiyo huweza kuvuja kwa miaka bila kuonekana. Matawi yake yaliyo nje ya tabaka hilo hayana cha kuyazuia, na ndiyo yanayotuna. Ndiyo maana mguu wenye mshipa mmoja mdogo unaoonekana unaweza kuwa na uvujaji mkubwa, na mguu wenye vijishipa vyekundu vingi usiwe na uvujaji wowote wa maana.

Vijishipa hivyo vilivyosambaa juu ya ngozi, vyenye upana usiofika milimita 1, ni jambo jingine. Wataalamu huanza kuuita mshipa kuwa umevimba kwa maana ya ugonjwa huu ukifika milimita 3 au zaidi, ukipimwa mtu akiwa amesimama.

Anayeupata hakujitakia

Watu wenye mishipa hii huambiwa maneno mengi ya kuwalaumu: umekaa ukiweka mguu juu ya mguu, umevaa viatu virefu, umebeba mizigo. Kukunja miguu hakuharibu vali. Kinachotangulia kwa wengi ni urithi. Kama mama au baba anayo, uwezekano wako unapanda, na kama wote wawili wanayo unapanda zaidi. Umri unafuata, kwa sababu kuta za vena hupoteza ukakamavu wake miaka ikienda. Unene wa mwili huongeza shinikizo tumboni, na kazi ya kusimama mahali pamoja kwa saa nyingi huinyima misuli ya shavu la mguu nafasi ya kukamua.

Ujauzito unastahili maelezo yake. Kiasi cha damu mwilini huongezeka, homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena, na mfuko wa uzazi unaokua hukandamiza vena za nyonga. Mawili ya kwanza huanza mapema, kwa hiyo mishipa inaweza kujitokeza hata kabla tumbo halijaonekana. Baada ya kujifungua mingi hupungua yenyewe katika miezi michache. Hii ndiyo sababu madaktari hawapendi kuitibu kwa kuifunga wakati wa ujauzito. Husubiri waone kinachobaki. Soksi za kubana na kuinua miguu vinatosha kwa wengi katika kipindi hicho.

Halafu kuna kundi ambalo ni rahisi kulisahau: watu waliowahi kupata donge la damu katika vena za ndani za mguu. Donge likiyeyuka huweza kuacha vali zimeharibika au njia imeziba kwa sehemu. Kwao mishipa ya juu huvimba kwa sababu damu inatafuta njia ya kuzunguka kizuizi. Mshipa wa namna hiyo ukitolewa bila uchunguzi, mgonjwa huweza kupoteza njia aliyokuwa akiitegemea.

Soma ngozi iliyo juu ya kifundo

Dalili za mwanzo wengi wanazijua: miguu mizito jioni, maumivu ya kuvuta, kuwashwa, kukazwa na misuli usiku, uvimbe wa kifundo unaoacha alama ya soksi na kuisha asubuhi. Zinaudhi, lakini hazitishi. Ninachotaka msomaji akiangalie kwa makini zaidi ni ngozi ya upande wa ndani wa mguu, upana wa kiganja hivi juu ya kifundo. Hapo ndipo shinikizo hufanya kazi yake ya muda mrefu.

Damu iliyobanwa husukuma maji na chembe nyekundu nje ya mishipa midogo. Chembe zikivunjika huacha madini ya chuma kwenye ngozi, na ngozi inabadilika rangi. Kwenye ngozi nyeupe doa huonekana la kahawia iliyoiva. Kwenye ngozi nyeusi huwa ni weusi uliozidi, wenye kijivu au zambarau ndani yake, na mara nyingi mtu huudhania kuwa ni kovu la zamani au alama ya kujikuna. Linganisha mguu na mguu penye mwanga mzuri, kisha tumia mkono: ngozi iliyoathirika huwa kavu, ina magamba, inawasha kwa ukurutu, na baadaye huwa ngumu na kushikamana na nyama ya chini hata huwezi kuifinya. Wekundu wa uvimbe ambao vitabu huutaja huenda usionekane kabisa, ila joto na ugumu vinahisika.

Hali hii hukosewa sana kwa kudhaniwa kuwa ni maambukizi ya ngozi, na wagonjwa hupewa dawa za kuua bakteria mara kwa mara bila kupona. Maambukizi ya kweli yapo, na kwa kawaida huja kwa ghafla, mguu mmoja, pamoja na homa. Miguu yote miwili ikiwa imebadilika rangi taratibu kwa miezi, bila homa, vena zichunguzwe.

Ngozi iliyofika hapo hupasuka kwa kugongwa kidogo tu au kukwaruzwa, na kinachofuata ni donda ndugu. Wagonjwa huishi na kidonda hicho miezi, wengine miaka, wakibadilisha bandeji na kupaka kila dawa inayotajwa. Kinakataa kufunga kwa sababu shinikizo lililokileta bado lipo. Matibabu yake ya msingi ni kuufunga mguu kwa bandeji za kubana zinazofungwa na mtu aliyefunzwa, na kushughulikia vena inayovuja mapema badala ya kungoja kidonda kipone kwanza. Utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza na kutolewa mwaka 2018, ukiwa na wagonjwa 450, uliwalinganisha waliofungwa vena zao mapema na waliosubiri, wote wakiwa wamefungwa bandeji za kubana. Nusu ya waliotibiwa mapema walikuwa wamepona kufikia siku ya 56. Kwa wale waliosubiri, nusu ilifika siku ya 82. Kidonda chochote cha mguu, chini ya goti, ambacho hakijafunga ndani ya wiki 2 hakistahili kungojwa.

Tangu mwaka 1994 madaktari wana mfumo wa kupanga hatua za ugonjwa huu kuanzia 0 hadi 6. Mishipa iliyovimba yenyewe iko kwenye 2, uvimbe wa mguu ni 3, ngozi iliyobadilika ni 4, kidonda kilichopona ni 5, na kilicho wazi ni 6. Si kila mtu husafiri ngazi zote hizo. Wengi hubaki kwenye 2 maisha yao yote. Lakini aliyefika 4 amevuka mpaka, na kumwambia kwamba hilo ni suala la urembo ni kumkosea.

Mambo ya kukimbilia

Mshipa uliotuna karibu na kifundo, uliofunikwa na ngozi nyembamba, unaweza kupasuka kwa kugongwa au wakati wa kuoga maji ya moto. Damu hutoka kwa wingi kwa sababu shinikizo ni kubwa, na mara nyingi haiumi. Watu wamekufa kwa hali hii, nao walikuwa wamesimama au wamekaa huku wakitafuta kitambaa. Lala chini mara moja, inua mguu juu kupita usawa wa moyo, kandamiza palepale kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Usifunge kamba juu ya jeraha. Ukishalala na kuinua mguu, shinikizo huanguka na kutoka kwa damu huweza kudhibitiwa. Hata ikikoma, nenda hospitali siku hiyohiyo, maana mshipa huo unaweza kupasuka tena.

Mshipa uliokuwa laini ukiwa mgumu, wa moto na wenye maumivu, damu imeganda ndani yake. Kwa kawaida si hatari kubwa, ila ikiwa iko karibu na kinena au nyuma ya goti inaweza kuingia katika vena za ndani, kwa hiyo inahitaji kupimwa haraka. Mguu mmoja ukivimba wote na kuuma bila sababu, hiyo ni dharura. Ukiongezea kukosa pumzi au maumivu ya kifua, usingoje kesho.

Kipimo kabla ya tiba

Kipimo kinachoamua ni ultrasaundi inayoonyesha umbo la mshipa pamoja na mwelekeo wa damu. Hufanywa mgonjwa akiwa amesimama. Mpimaji hukamua shavu la mguu, huachia, na kutazama: damu ikirudi chini ndani ya safena kwa zaidi ya nusu sekunde, vali hiyo inavuja. Hivyo hufuatwa kutoka kinena mpaka kifundo, na vena za ndani nazo hukaguliwa kama zimeziba. Hakuna sindano, hakuna maumivu. Anayekupangia kufunga au kutoa safena bila kipimo hiki, mwombe akifanye kwanza.

Tiba, na mahali damu inapokwenda

Kutembea, kupandisha na kushusha visigino ukiwa umesimama, kuinua miguu, kupunguza uzito na kulainisha ngozi kwa mafuta yasiyo na manukato: haya yote husaidia, na hayamdhuru mtu. Soksi za kubana, zinazobana zaidi kwenye kifundo na kulegea kadiri zinavyopanda, hupunguza uvimbe na uchovu wa miguu. Hazirekebishi vali, ukizivua, shinikizo linarudi. Tena hazimfai kila mtu. Kama ateri za mguu zimeziba, kuubana mguu huo kunaweza kuua ngozi. Mvutaji wa sigara wa muda mrefu, mwenye kisukari, na mwenye ganzi miguuni wapimwe mtiririko wa ateri kwanza, kwa kulinganisha presha ya kifundo na ya mkono. Mwongozo wa kitaifa wa Uingereza wa mwaka 2013 unasema wazi kwamba soksi zisitolewe kama tiba ya mishipa iliyovimba kwa mtu anayeweza kufanyiwa tiba ya kuifunga vena. Krimu na dawa za kupaka haziifikii vali. Vidonge vyenye flavonoidi, yaani kemikali zinazotokana na mimea, huwapunguzia baadhi ya watu uvimbe na uzito wa miguu, na vinaishia hapo.

Mwongozo huohuo unapanga tiba za kufunga vena kwa mfuatano: joto kwanza, povu la dawa likifuata, upasuaji mwisho.

Tiba ya joto hufanyika kwa ganzi ya mguuni tu, mgonjwa akiwa macho. Kwa kuongozwa na ultrasaundi, daktari hupitisha mrija mwembamba ndani ya safena, mara nyingi kuanzia karibu na goti, hadi sentimita 2 hivi kabla ya makutano ya kinena. Kisha hudunga maji mengi yenye dawa ya ganzi kuizunguka vena. Maji hayo huondoa maumivu, huibana vena iushike mrija, na huzikinga neva na ngozi dhidi ya joto. Halafu mrija hutoa joto, kwa leza au kwa mawimbi ya redio yanayofikisha kama nyuzi 120 za Selsiasi, huku ukivutwa polepole. Ukuta wa vena hujikunja, vena inaziba, na mwili huimeza katika miezi inayofuata. Mtu hutembea saa ileile. Michubuko ni ya kawaida; ganzi ya sehemu ndogo ya ngozi hutokea kwa baadhi; donge la damu katika vena za ndani ni nadra.

Povu ni dawa iliyochanganywa na hewa, ambayo huchomwa ndani ya vena na kuuchubua utando wake hadi ufunge. Linafaa sana kwa vena zilizopinda mno kupitisha mrija, na kwa mishipa iliyorudi baada ya upasuaji. Mara nyingi hurudiwa, na huweza kuacha weusi kwenye ngozi kwa miezi kadhaa. Ipo pia gundi ya kitabibu inayoziba vena bila joto wala yale maji ya ganzi, ingawa wachache huota mzio.

Upasuaji ndio mkongwe. Wanahistoria wa kale wanasimulia kwamba Gaius Marius, jemadari wa Roma, alikatwa mishipa ya mguu mmoja bila kufungwa kamba wala kutikisika, kisha akakataa kuutoa wa pili. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa Ujerumani Friedrich Trendelenburg alianza kuifunga safena kubwa pajani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja waya wa kuichomoa yote. Bado hufanya kazi vizuri, na pale ambapo hakuna vifaa vya joto ni tiba ya heshima. Matawi yaliyotuna huondolewa kupitia vitundu vya milimita chache, wakati uleule au baadaye. Mengine hunywea yenyewe chanzo kikishazibwa.

Hofu inayowazuia wengi ni hii: mshipa ukizibwa, damu itapita wapi? Itapita inakopita sasa, katika vena za ndani. Safena inayovuja haikuwa ikisaidia. Ilikuwa ikirudisha chini damu iliyokwisha kupandishwa. Kuifunga kunaipunguzia miguu kazi. Uthibitisho mwingine uko kwenye upasuaji wa moyo. Mwaka 1967 daktari wa Argentina René Favaloro, akiwa Cleveland nchini Marekani, alianza kutumia kipande cha safena kupitisha damu kando ya ateri za moyo zilizoziba, na mpaka leo madaktari huuchukua mshipa huo mguuni kwa kazi hiyo. Waliotolewa wanatembea. Hapohapo ndipo ilipo sababu ya kutoiharibu safena nzima isiyovuja: huenda siku moja moyo ukaihitaji.

Je, itarudi? Inaweza. Tiba hufunga uvujaji uliopo, haibadilishi kuta ulizorithi, na vena nyingine inaweza kulegea baada ya miaka. Hilo ni tofauti na mishipa inayorudi mapema kwa sababu chanzo hakikuguswa. Kwa hiyo ultrasaundi ya ufuatiliaji ina maana, hasa kwa aliyewahi kuwa na kidonda: inaonyesha kama vena imefunga yote, na kama kuna mpya inayoanza kuvuja ikiwa bado ni rahisi kuiziba. Na kwa mwanamke anayetarajia kuzaa tena, kuzungumza na daktari kuhusu wakati wa tiba ni jambo la busara, kwa kuwa ujauzito unaofuata unaweza kuleta mishipa mingine, lakini mwenye maumivu makali au ngozi iliyoanza kubadilika hana haja ya kuvumilia mpaka amalize kuzaa.